Soketi ni ya kutoa umeme, si ya kuingiza

Matangazo ya sola ya kuchomeka ukutani yameshafika hadi kwetu. Kijana anatundika paneli mbili kwenye ukingo wa baraza la ghorofani, anachukua waya unaotoka kwenye kiboksi kidogo, anauchomeka kwenye soketi ya sebuleni, na kazi imekwisha. Hakuna fundi, hakuna kutoboa ukuta, hakuna kusubiri mtu wa kibali. Mjini Mwanza maswali yanayofuata ni mawili: bei gani, na duka gani wanauza?

Ujerumani ndiko mtindo huu ulikoshika zaidi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2024 yaliruhusu inveta, yaani kile kiboksi kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa ukutani, ya hadi wati 800 na paneli za hadi wati 2,000 bila mlolongo wa vibali, mwenye mtambo akijisajili tu, na mitambo iliyosajiliwa huko imeshapita milioni moja. Nchini Marekani, jimbo la Utah lilipitisha sheria yake mwaka 2025 na kuruhusu hadi wati 1,200. Kwa hiyo anayedhani hiki ni kitu cha wababaishaji anakosea. Ni teknolojia iliyopimwa, na huko kwao inafanya kazi.

Hoja yangu ni nyingine. Usalama wa sola hiyo haukai ndani ya kiboksi peke yake. Sehemu yake kubwa iko ukutani na kwenye nguzo iliyo nje, na vitu hivyo viwili haviji na kontena. Tukiagiza kiboksi tukaacha ukuta wake Ujerumani, tunachopata huku kando ya Ziwa Victoria ni kitu kingine kabisa, na kwa maoni yangu kitu hicho hakitakiwi kuchomekwa ukutani.

Tuanze na namna kinavyofanya kazi. Inveta ya aina hii haiwezi kusimama peke yake. Inapima umeme wa gridi, volti 230 na hezi 50, kisha inaingiza wa kwake ukienda sambamba na huo uliopo. Gridi ikizimika, nayo inapaswa kuzimika. Kipimo cha kimataifa cha IEC 62116 kinataka ijizime ndani ya sekunde 2, hata pale vifaa vya nyumbani vinapokuwa vinakula kiasi kile kile ambacho paneli zinazalisha, hali inayoweza kuidanganya inveta ikadhani gridi bado ipo. Sharti hilo lina sababu mbili nzito. Ya kwanza ni fundi aliye juu ya nguzo anayeamini waya umekufa. Ya pili ni plagi yenyewe: ukiichomoa wakati jua linawaka, pini zake za shaba ziko wazi mkononi mwako, na kinachokuokoa ni kasi ya inveta kujizima.

Sasa ilete inveta hiyo hapa Mwanza, Buhongwa au Igoma. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuingia kwenye gridi mwaka 2024, hadi kufikia uwezo wake wa megawati 2,115, mgao wa kitaifa umepungua sana, na hilo tulikiri. Lakini mtu wa Igoma akikaa gizani leo, mara nyingi si kwa sababu Mto Rufiji, lilipo bwawa hilo, umekauka. Ni kwa sababu tawi limeangukia waya, transfoma ya mtaa imezidiwa, au radi imepiga laini. Huyo ndiye anayetafuta sola. Anataka taa iwake na friji liendelee kuganda umeme unapokatika. Na hapo ndipo kiboksi cha Kijerumani kinapomwangusha: saa sita mchana, jua kali, TANESCO hakuna, na inveta yake imejizima kama ilivyofundishwa. Haikuharibika. Ndiyo kazi yake hiyo.

Atakayesema basi ninunue nipunguze gharama ya LUKU, naye tumfanyie hesabu. Kwa bei zilizopangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati, mwaka 2016, mteja mdogo anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Huyo wa kwanza, hata angefuta matumizi yake yote, angeokoa shilingi 7,500 kwa mwezi. Huyo wa pili ana nafuu kubwa zaidi. Wati 800 za paneli kwa jua la Mwanza zinaweza kutoa uniti 3 au zaidi kwa siku nzuri, lakini zinatoka mchana, wakati watoto wako shule na watu wako kazini. Kisichotumika kinarudi nguzoni. Kuna mita za malipo ya kabla zinazohesabu umeme bila kujali unaelekea wapi, kwa hiyo uniti zako zinapungua wakati wewe ndiye unayewapa umeme. Nyingine zinachukulia umeme unaorudi nyuma kuwa ni dalili ya mita kuchezewa, zinajifunga, na mwenye nyumba anaanza safari ya kwenda kujieleza.

Mimi sioni wateja wengi wa kifaa hicho hapa. Ninachoogopa ni kile kinachokuja baada ya watu kugundua kwamba hakiwashi taa wakati wa giza, wakati picha ya plagi iliyochomekwa ukutani imeshawakaa kichwani.

Maana kitu hicho tayari tunacho. Ni kipande cha waya chenye plagi ya kiume huku na plagi ya kiume huku. Hakiuzwi dukani, kinaundwa kwa bisibisi kwa dakika tano. Upande mmoja unaingia kwenye soketi ya inveta ya kawaida, ile inayobadilisha umeme wa betri bila kuhitaji gridi. Upande wa pili unaingia kwenye soketi yoyote ya ukutani. Nyumba nzima inawaka, soketi zote, taa zote, na jirani anauliza fundi wako ni nani. Sharti ni moja tu, na linasemwa kwa mdomo: kumbuka kuzima meni swichi kwanza.

Kumbuka. Umeme umekatika saa mbili usiku, baba kasafiri, mama anapika, mtoto wa darasa la sita ndiye anayejua kuunganisha. Mfumo wowote ambao usalama wake unategemea mtu kukumbuka gizani haujakamilika, hata kama umefanya kazi vizuri mwaka mzima. Na hizo pini tatu: mtu akichomeka kwenye inveta kwanza, upande wa pili anaushika ukiwa na volti 230 zisizo na kifuniko. Plagi ya kiume ilitengenezwa kwa imani kwamba haitakuwa na umeme hadi ikae ndani ya soketi.

Meni swichi ikisahaulika, umeme wa betri lako unatoka nje. Unapita kwenye mita, unapanda nguzo, unafika kwenye transfoma. Transfoma haichagui upande. Inayoshusha volti 11,000 au 33,000 kuja kwenye 400 ndiyo hiyo hiyo inayopandisha ikilishwa kutoka chini.

Kuna jibu ambalo mafundi wengi hulitoa hapa, na lina ukweli ndani yake. Wanasema inveta ya wati 1,000 haiwezi kuulisha mtaa. Ikikutana na mafriji na pasi za majirani wote itazidiwa na kujizima papo hapo. Ni kweli, iwapo waya wa mtaa umeungana mzima. Lakini angalia ni wakati gani umeme hukatika Mwanza. Upepo umekata waya kati ya nguzo na nyumba yako, au fyuzi ya nguzo imeungua, au fundi wa TANESCO ameitenganisha laini yako ili aifanyie kazi. Hapo majirani hawapo kwenye waya huo. Uko peke yako na kipande cha waya kisicho na mzigo wowote, inveta haizidiwi na chochote, na volti 230 zinasimama pale kimya zikimsubiri anayekuja kutengeneza. Au zinamsubiri mtoto anayeshika waya ulioanguka kwenye majani, kwa kuwa kila mtu anajua leo hakuna umeme.

Na umeme ukirudi ghafla? Inveta hiyo ya betri haikuwa ikifuatisha gridi. Mawimbi mawili yanagongana, kila moja likiwa na kilele cha volti 325, na yakikutana moja juu na jingine chini tofauti inafika 650. Inveta ndiyo inayokufa, mara nyingi kwa mlio na moshi. Mwenye nyumba anaiita inveta mbovu, ananunua nyingine.

Twende ukutani sasa, maana hapo ndipo Mwanza inapoachana na Munich, na hata na Dar es Salaam.

Mji huu umekaa juu ya mawe. Anayepanda Mabatini, Igogo, Isamilo au kilima cha Bugando anaona nyumba zilizobanwa katikati ya majabali, nyingine jabali lenyewe ndilo ukuta wa nyuma. Ni granaiti, na granaiti kavu haipitishi umeme kirahisi. Nyumba nyingi za kwetu zinapokea nyaya mbili kutoka nguzoni, laivu na nyutro. Ethi, yaani njia ya kuupeleka ardhini umeme uliovuja, anajitafutia mwenye nyumba kwa kuzamisha fimbo ardhini. Fimbo ya futi nne inatakiwa izame yote, na ikiwezekana ifike kwenye udongo wenye unyevu. Huku mlimani fundi anapiga nyundo, fimbo inaingia shubiri mbili, inatoa mlio wa jiwe, inagoma. Anahamia pembeni, inagoma tena. Mwishowe anakata kilichobaki kwa msumeno wa chuma, anafunga waya wa kijani na njano, anafukia na kokoto. Ukiangalia kwa macho, nyumba ina ethi.

Chukulia ethi hiyo ina ukinzani wa ohm 100, kiwango ambacho kwenye jiwe si cha kushangaza. Waya wa laivu ndani ya friji unachubuka na kugusa bodi ya chuma. Volti 230 zikigawanywa kwa ohm 100 zinatoa ampia 2.3. Breka ya soketi ni ya ampia 20. Kwa breka hiyo, ampia 2.3 ni kama mtu kawasha jokofu na taa kadhaa. Haioni kosa lolote, na haitakata leo wala kesho. Bodi ya friji inabaki na umeme. Anayelifungua akiwa pekupeku, kwenye sakafu iliyotoka kudekiwa, ndiye anayegundua. Ili breka ya ampia 20 ya daraja C ikate papo hapo kwa uhakika, njia nzima ya ethi inatakiwa isizidi ohm 1 na kidogo, na hicho ni kitu ambacho hata kwenye udongo mweusi wa bondeni ni kazi kukipata kwa fimbo moja.

Ndiyo maana nyumba za hapa, kuliko pengine popote, zinahitaji kile kifaa chenye kitufe kilichoandikwa T ambacho mafundi hukiita RCD. Chenyewe hakingoji ampia nyingi. Kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ukipotea miliampia 30 tu njiani kinakata. Kwa volti 50, ambazo huchukuliwa kuwa mpaka wa hatari, kifaa hicho kinaweza kufanya kazi hata ethi ikiwa na ohm 1,600. Yaani ile fimbo iliyokatwa kwa msumeno, pamoja na aibu yake, bado inaweza kumwokoa mtu RCD ikiwepo. Bila RCD haimwokoi.

Sasa ingiza sola kwa plagi. RCD inakaa mwanzoni, karibu na meni swichi, na soketi ziko mbele yake. Umeme unaotoka TANESCO unapita kwake kwanza. Umeme unaoingilia kwenye soketi ya jikoni haukupita kwake; umeingia kwa mlango wa nyuma, mlinzi akiwa getini. Kwa inveta ya Kijerumani hali si mbaya sana: RCD ikikata, inveta inapoteza gridi na inajizima muda mfupi baadaye. Kwa inveta ya betri iliyounganishwa na waya wa plagi mbili hakuna kitakachojizima. Meni swichi imezimwa, RCD iko kando haina kazi, na nyumba nzima inaendeshwa na umeme usio na mlinzi hata mmoja. Friji lile lenye waya uliochubuka liko pale pale. Zaidi ya hayo, zipo RCD za kielektroniki zilizotengenezwa kupokea umeme kutoka upande mmoja tu. Zikilishwa kutoka upande wa pili, koili yake inaweza kuungua na usijue hadi siku utakapoihitaji.

Waingereza, ambao plagi yetu ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampia 13 tumeirithi kwao, walikuwa na kipengele kwenye kanuni zao za BS 7671 kinachokataza kuunganisha jenereta kwa plagi na soketi kwenye saketi ya kawaida ya nyumba. Hawakukiweka kwa uvivu wa kufikiri. Wajerumani nao wamebishana miaka mingi kuhusu plagi tu, kama iwe ya kawaida au ya aina maalumu ambayo pini zake haziguswi, na hao ni watu ambao nyumba zao zina ethi inayopimwa. Sisi tunataka kuruka mjadala wote huo kwa sababu video ilikuwa nzuri.

Kuhusu nyaya kuzidiwa, jambo ambalo watu wengi hulitaja kwanza, mimi silipi uzito mkubwa. Wati 800 ni ampia 3.5. Zikiongezwa kwenye saketi yenye breka ya 20, waya unaweza kubeba 23.5 bila breka kujua, na waya halisi wa milimita 2.5 unaweza kuvumilia. Tatizo liko kwenye neno halisi. Waya uliochapishwa 2.5 ukiukata ukakuta nyuzi ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba, hesabu yote hiyo inavunjika.

Upande wa betri una hatari zake, tofauti na za ukutani. Volti 12 hazimpigi mtu shoti, na hilo huwafanya watu wazidharau. Lakini wati 1,000 kutoka kwenye betri la volti 12 ni ampia 83, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta unakaribia 100. Mkondo huo unataka kebo nene iliyokazwa kwa spana, na fyuzi yake iwe karibu kabisa na betri. Tunachokikuta vyumbani ni waya wa soketi uliozungushwa kwenye kichwa cha betri la N70 na kubanwa kwa klipu. Pale penye mbano mlegevu ndipo joto linapoanzia, nyuma ya kabati au chini ya kitanda, kwa sababu betri limefichwa wezi wasilione. Halafu kuna breka za kawaida za nyumbani kuwekwa kwenye laini ya paneli. Umeme wa gridi hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche ndani ya breka inapata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli haupiti kwenye sifuri kamwe. Breka ikifunguka, cheche inaendelea kuwaka ndani ya plastiki. Breka za sola zipo, zimeandikwa DC, na bei yake si ya kumfukarisha mtu aliyekwisha kununua paneli nne.

Radi niitaje kwa kifupi, ingawa hapa ziwani tuna nyingi kuliko sehemu nyingi duniani. Fremu za paneli juu ya bati kilimani zinahitaji ethi, na vifaa vya kuzuia mshtuko wa radi vinahitaji ethi nzuri ili vipate pa kuutupa huo mshtuko. Tunarudi kwenye fimbo ile ile. Kwenye mawe, dawa inayojulikana si kupiga nyundo zaidi. Ni kutandaza waya mtupu wa shaba kwenye mtaro mrefu wa mlalo pale palipo na udongo, kuunganisha fimbo kadhaa fupi zilizoachana, au kushuka chini ya kiwanja hadi penye unyevu, kisha kupima kwa kifaa cha kupimia ethi. Hicho kifaa ndicho ambacho mafundi wengi hawana, na wateja hatujazoea kukiulizia.

Nani basi wa kulaumiwa? Rahisi ni kuwatupia vishoka, mafundi wa mitaani wasio na leseni. Tanzania ina Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na chini yake EWURA inatoa leseni za mafundi kwa madaraja. Anayeomba kuunganishiwa umeme TANESCO lazima nyumba yake iwe imefungwa nyaya na mkandarasi anayetambulika. Hilo linafanyika mara moja, siku nyumba ikiwa mpya. Baada ya hapo nyumba inaongezwa vyumba vya wapangaji, duka la mbele, frijaza la barafu, na sasa sola, na hakuna anayerudi kuangalia. Kishoka anaingia kwenye pengo ambalo mfumo wenyewe umeliacha. Kuhusu kuingiza umeme gridini, kanuni zipo tangu 2018: mteja anaweza kubadilishana umeme na gridi kwa maombi, mkataba na mita inayohesabu pande zote mbili. Kuchomeka kimya kimya sebuleni hakumo humo.

Sipendekezi marufuku. Marufuku ingemnufaisha kishoka anayefanya kazi usiku. Ningependa zaidi TBS, shirika la viwango, na wenye maduka walitazame jambo moja: inveta ya gridi yenye plagi isiingie sokoni bila cheti cha kujizima, na iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa juu ya boksi, kwamba haitawasha taa umeme ukikatika. Sentensi hiyo peke yake ingepunguza wanunuzi waliodanganyika. Nina wasiwasi wauzaji hawataipenda.

Kwa mwenye nyumba, njia nzuri zipo mbili, na zote zinaheshimu kazi ya soketi. Ya kwanza ni ya wapangaji na wenye matumizi madogo: sola yenye betri na soketi zake mwenyewe kwenye boksi. Vifaa vichomekwe kwenye boksi, boksi lisichomekwe ukutani ila kwa kuchajiwa. Mama anayeuza barafu na juisi Kirumba, mwenye frijaza linalokula wastani wa wati 60, akiwa na boksi la wati-saa 1,000 ana karibu saa 14 bila TANESCO, ukitoa kinachopotea ndani ya boksi, na hajagusa nyaya za mwenye nyumba. Waya wa kiongezeo unaotoka kwenye boksi uwe mfupi na mzima, basi. Siyo nzuri kwa macho kama nyumba nzima kuwaka, nakubali.

Njia ya pili ni ya anayetaka taa za ukutani ziwake. Huyo anahitaji chenjiova, swichi yenye nafasi tatu: TANESCO, katikati hakuna kitu, sola. Kwa ilivyoundwa haiwezekani vyote viwili viingie kwa pamoja, hata mtoto wa darasa la sita akikosea. Iwe ya kukata nyaya mbili, laivu na nyutro. Mafundi wengi wanakata laivu peke yake wakisema nyutro haina umeme. Ikitokea nyutro ya mtaa imekatika, au inveta yako haina nyutro ya kweli bali pini zake zote mbili zina volti, hiyo nyutro isiyo na umeme inaupeleka umeme nguzoni. Baada ya chenjiova, upande wa nyumba, iwekwe RCD, ili nyumba iwe na mlinzi hata ikiwa kwenye sola. Na ili RCD hiyo ifanye kazi, nyutro ya inveta iunganishwe na ethi mahali pamoja, kwa namna kitabu cha inveta hiyo kinavyoruhusu. Hapa ndipo fundi wa kweli anapojulikana: muulize nyutro ya inveta inafungwaje, umsikilize anavyojibu. Swichi yenyewe haifikii bei ya paneli moja.

Kabla ya kumlipa, apime mbele yako. Meni swichi izimwe, chenjiova igeuziwe sola, inveta iwashwe na taa ziwake. Kisha mita ya volti iwekwe kwenye nyaya zinazoingia kwenye chenjiova kutoka upande wa TANESCO, kwanza laivu na nyutro, halafu laivu na ethi, mwisho nyutro na ethi. Isome sifuri au karibu na hapo. Ikisoma 200 na ushee, umeme wako una njia ya kufika nguzoni, na fundi bado hajamaliza kazi.